Tuanze na Lipi

Laptopu ikikataa kuwaka, mara nyingi kilichokufa si kile tunachokililia. Kilichokufa huwa ni chaja, au betri, au njia ya umeme kwenye mazabodi. Pengine ni taa ya nyuma ya kioo tu, na mashine yenyewe inaunguruma gizani. Vyote hivyo vina bei na vina duka. Tunachokililia kimo ndani ya hadidiski, kikasha cha chuma kinachoenea kiganjani, na huenda humo hakuna kilichoguswa. Picha zipo, barua zipo, sauti zipo. Aliye nje ndiye hana njia ya kuingia, wala ya kujua kama vilivyomo viko salama.

Huzuni ya namna hiyo haina pa kuketi. Ni ile ya nyumba ya mvuvi aliyetoka na ngalawa alfajiri asirudi: hawaweki matanga, wala hawaanui. Kila anayekuja kuwapa pole huongeza neno la matumaini, na neno hilo ndilo linalowachosha. Nimeishi ndani ya huzuni hiyo tangu mama yetu alipofariki, na haya ninayoyaandika yametokana na laptopu yake.

Mama alikuwa mwalimu wa UPE. Waliokulia Tanzania ya miaka ya sabini hawahitaji kuelezwa: serikali ilipoamua kwamba kila mtoto aanze darasa la kwanza, walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Mpango ulipoanza kutekelezwa nchi nzima mwaka 1977, mama alikuwa msichana mwenye chaki mkononi, mbele ya watoto ambao baadhi yao walikuwa warefu kuliko yeye. Alifundisha vijijini Handeni, akahamia Tanga mjini, akastaafia hapo. Kwa sehemu ya kiinua mgongo chake alinunua laptopu ya mtumba, nyeusi, nzito, mojawapo ya zile zinazotoka maofisini Ulaya zikiwa bado na kibandiko cha namba ya mali chini ya tumbo. Akajifunza mwenyewe kuitumia. Alikuwa katibu wa kikoba cha mtaani, na hesabu za hisa, mikopo na mfuko wa jamii alizihamisha kutoka daftarini, safu kwa safu, mpaka zote zikaingia humo.

Alipofariki, vitu vyake vingine vilikuwa na taratibu zake. Khanga zake wadogo zake waligawana baada ya arobaini, kila mmoja akichagua ile aliyokumbuka kumwona nayo. Msahafu ulikwenda kwa mjukuu aliyekuwa akimsomea. Nyumba na kiwanja vilifuata mafungu ya mirathi, kwa hesabu ambazo masheikh wanazijua tangu na tangu. Laptopu haikuwa na fungu. Ilikaa juu ya kabati ndani ya mkoba wake mpaka wanakikoba walipokuja, kwa adabu kubwa, wakakaa, wakanywa chai, wakaulizia afya ya kila mtu, ndipo mzee wao akasema kwa sauti ya chini kwamba mzunguko unakaribia kufungwa na hesabu zote anazo marehemu.

Tukaichomeka pale pale mbele yao. Kitaa cha pembeni kiliwaka rangi ya machungwa, kikazima.

Kuna mambo ambayo mtu yeyote anaweza kuyajaribu kabla ya kumwona fundi, nasi tukayafanya. Tuliazima chaja nyingine ya volti zile zile. Tulitoa betri, tukachomoa waya, tukabana kitufe cha kuwashia nusu dakika hivi ili umeme uliosalia ndani umalizike. Tulimulika kioo kwa tochi kutoka ubavuni, maana taa ya nyuma ikifa picha hubaki pale, hafifu mno, na mwenye macho anaweza kuiona kwa mwanga wa tochi. Tuliiunganisha na televisheni. Kimya.

Kisha ushauri ukaanza kumiminika. Jirani mmoja, mtu mwema kabisa, alisema diski itolewe iwekwe kwenye friza usiku kucha. Dawa hiyo ni ya zamani na imezunguka dunia nzima, lakini ukiitoa diski kwenye friza katika hewa ya Tanga, unyevu unageuka matone ndani ya kifaa ambacho hakivumilii hata vumbi. Mwingine alisema iwashwe mara kwa mara mpaka ikubali. Ushauri huu wa pili ndio unaoua zaidi, na ningependa kueleza kwa nini, kwa sababu watu wengi wanapoteza vitu vyao hapo, baada ya laptopu kuzima, si wakati inapozima.

Ndani ya hadidiski ya laptopu kuna bamba la kioo au la alumini lililopakwa utando wa sumaku, linalozunguka, kwa kawaida, mara 5,400 kwa dakika. Juu yake kinaelea kichwa cha kusomea na kuandikia. Kinaelea kwelikweli, juu ya hewa inayosukumwa na mzunguko wenyewe, na nafasi kati yake na bamba ni nanomita chache tu, ilhali unywele mmoja wa binadamu una unene wa nanomita kama 80,000. Chembe ya vumbi ni mlima mahali hapo. Kichwa kikichoka au kikipinda, kila unapoiwasha diski unakipa nafasi ya kugusa bamba, na kinapogusa kinakwangua ule utando, na kilichokwanguliwa hakirudi kwa fundi wa nchi yoyote. Msingi wa kazi ni ule ule tangu mwaka 1956, IBM walipotoa mashine yao ya kwanza ya aina hii, yenye mabamba 50, iliyohifadhi herufi zipatazo milioni 5. Leo uwezo umeongezeka mno na nafasi ya kuelea imepungua mno. Udhaifu umebaki wa asili.

Basi nikaipeleka Dar es Salaam, Kariakoo, kwa fundi aliyesifiwa na watu ambao nawaamini. Meza yake iko ndani ya fremu yenye mafundi wengine, redio inaimba, wapita njia wanauliza bei za kava za simu. Alifungua skrubu kwa bisibisi yenye sumaku na kuzipanga juu ya karatasi kwa mpangilio ule ule aliozitolea, ili kila moja irudi tunduni mwake. Alipofika kwenye mazabodi aliinua kichwa akanionyesha: pale umeme unapoingilia palikuwa pameota kutu ya kijani, chumvi ya bahari na unyevu wa miaka. Aligusa hapa na pale kwa sindano za mita. Hakusema kitu. Akachomoa diski, akaiunganisha kwa adapta kwenye mashine yake, akaomba redio ipunguzwe, akainamisha sikio.

Ilianza kuzunguka. Nilisikia mvumo wake ukipanda, ukatulia. Kisha tk. Kimya kidogo. Tk. Alichomoa waya papo hapo.

Kwa kile kitendo cha kuchomoa nilimwamini. Fundi mwenye haraka angesubiri aone, mteja akiwa amesimama pale na roho juu.

"Mashine imekufa, kaka, hiyo tuisahau," alisema. "Diski ina uhai, ila kichwa kimoja kinachoka. Nikianza kuivuta sijui itanipa muda gani. Kwa hiyo niambie, tuanze na lipi?"

Kwa diski iliyo na nguvu, swali hilo halina haja. Unanakili bamba zima, sehemu kwa sehemu, upande wa pili, kisha unachambua kwa utulivu. Zipo programu za bure za kazi hiyo, kama ddrescue ya Antonio Diaz Diaz, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi na kuziacha zile ngumu mwishoni, ili diski isije ikafia kwenye kiraka kibovu huku vizuri havijachukuliwa. Lakini diski ikiwa mahututi, fundi anaweza kulazimika kwenda moja kwa moja kwenye folda fulani, na anayepaswa kuitaja folda hiyo ni mwenye mali. Mwenye mali alikuwa amelala makaburini Tanga. Nilitoka nje ya fremu nikapiga simu.

Dada yetu mkubwa hakufikiri hata kidogo. "Hesabu za kikoba," alisema. "Zile ni pesa za watu. Deni la maiti linatangulia mirathi, na mama hawezi kulala huko na hesabu za wenzake mkononi." Mdogo wetu wa mwisho anafanya kazi Muscat. Mama alifariki usiku, akazikwa kesho yake kabla ya adhuhuri, kama ilivyo ada, na yeye alifika kaburi likiwa limeshawekwa alama. Alitaka sauti. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, mama aliwarekodia wajukuu masomo ya kusoma: anasoma sentensi, ananyamaza ili mtoto arudie, anasoma tena. Mdogo wangu alikuwa anakumbuka ule unyamavu. Alisema angependa kusikia mahali mama anaposubiri.

Mimi nilitaka maandishi. Mama alikuwa ameanza kuandika kumbukumbu za ualimu wake wa Handeni. Nalijua hilo kwa sababu siku moja alinipigia simu kuuliza jinsi ya kuweka namba za kurasa, na nilipomuuliza kurasa za nini, alicheka akasema nitaona.

Hapo ndipo nilipoelewa tulichokuwa tumepoteza, tukiwa watatu tunaolia msiba mmoja. Tulikuwa tumekaa kwenye mkeka mmoja siku zote zile, tukapokea rambirambi kwa pamoja, na kila mmoja wetu alikuwa anamlilia mtu ambaye wengine hawakumjua vizuri. Dada alimpoteza mwanamke mwaminifu aliyebeba amana za mtaa. Mdogo wangu alimpoteza mama mwenye subira. Mimi nilimpoteza msichana wa Handeni ambaye sikuwahi kukutana naye, na sikuwa na njia nyingine ya kukutana naye. Isingekuwa diski ile inayochoka, nadhani tusingeambiana. Katika msiba wetu watu huulizwa wamekula, wamelala, wamepata ndege. Hakuna anayeuliza unataka kipi kirudi kwanza, kwa sababu kwa kawaida hakuna kinachorudi.

Nilishangaa pia kwamba hakuna aliyetaja picha. Watu wote wanaosimulia mkasa huu hutaja picha. Kumbe picha za mama zilikuwa zimeshatawanyika kwenye simu za ukoo mzima, za harusi, za Idi, za kipaimara cha jirani, zimebanwa na WhatsApp mpaka sura zimelegea kidogo, lakini zipo, kwa mama wadogo na mashangazi na wanafunzi wake wa zamani. Kilichokuwa mahali pamoja tu ndicho kilichokuwa hatarini.

Tukaanza na hesabu, kwa kauli ya dada, na mimi nikapata faraja kugundua kwamba kauli hiyo ilikubaliana na ufundi. Maandishi ni mepesi. Dakika moja ya sauti ya kawaida hula megabaiti moja hivi, na katika nafasi hiyo hiyo zinaingia herufi milioni moja, yaani vitabu viwili vya hadithi vya wastani. Mtu anaweza kuandika maisha yake yote na yasizidi uzito wa wimbo mmoja. Kwa hiyo kinachotakiwa kichukuliwe kwanza kwenye diski inayokufa, kama ni maandishi, kinachukuliwa upesi, na kama ni sauti, kila dakika yake ni safari ndefu ya kichwa kichovu juu ya bamba.

Faili la kikoba lilikuja. Lilifunguka, safu zake zimenyooka, majina ya wanachama kwa mpangilio wa alfabeti kama rejista ya darasa, lakini miezi ya mwisho ilikuwa imeharibika, herufi na alama zisizo na maana. Kumbukumbu za Handeni zilikuja pungufu: mwanzo upo, katikati pamekatika. Masomo ya kusoma hayakuja. Tuliyaona majina yake yote kwenye orodha, somo la kwanza, somo la pili, na kuendelea, na mbele ya kila jina ukubwa wa faili na tarehe, kwa kuwa orodha hukaa sehemu moja ya bamba na vilivyoorodheshwa hukaa kwingine. Fundi alijaribu somo moja. Diski ikagonga. Akasimama, akaniangalia, nikamwambia aache.

Nilirudi Tanga na faili la kikoba, na dada akawaita wanakikoba. Nilidhani tunawaita kuwapa taarifa mbaya kuhusu ile miezi. Walikuja na madaftari. Kila mwanachama ana kijitabu chake cha hisa, na mwenye kijitabu kilichopotea ana kichwa. Wakakaa barazani, dada na faili kwenye skrini, mmoja akasoma alichoweka mwezi fulani, mwingine akakumbusha kwamba siku hiyo ndiyo mvua ilinyesha wakahamia ndani na fulani akaleta rejesho lake pungufu akamalizia wiki iliyofuata. Aliyekuwa na deni alilitaja deni lake mwenyewe kabla ya kutajiwa. Mama mmoja mtu mzima, asiyejua kusoma, alitaja marejesho ya watu wengine kwa mfululizo, na kila lilipokuwapo daftari la kumhakiki alikuwa sahihi. Mpaka jua linazama ile miezi ilikuwa imejaa tena. Ilibaki tofauti ndogo ya fedha, wakakubaliana iingie kwenye mfuko wa jamii.

Niliwaza habari za mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa. Muyaka alifariki karibu na mwaka 1840, na tungo zake nyingi zilikuwa midomoni mwa watu. Ni miongo kadhaa baadaye ndipo Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye alijua mashairi mengi na aliwajua wanaoyajua, alipozikusanya tungo hizo Mombasa na kumpa mmisionari W. E. Taylor pamoja na maelezo ya nani aliambiwa nini na kwa sababu gani. Makaratasi hayo yakafika London, na mwaka 1940 William Hichens akachapisha diwani. Kila tunaposoma Muyaka leo, tunasoma kilichorejeshwa kutoka kwa watu waliokipenda kiasi cha kukikariri. Na hakuna njia ya kukadiria ni tungo ngapi zilikwenda na wazee waliotangulia kabla Mwalimu Sikujua hajawafikia. Sitaki kudai kwamba vichwa vya watu ni bora kuliko diski. Vichwa vya watu huzikwa. Lakini hesabu za mama zilikuwa na watu wenye haja nazo, wengi, kila mmoja na kipande chake, na ndiyo sababu ziliponyeka. Handeni ya mama haikuwa na mtu mwingine. Nimewaandikia baadhi ya walimu wenzake wa wakati ule walio hai. Mmoja amenijibu kwa ujumbe wa sauti mrefu kuhusu nyumba ya walimu iliyokuwa ikivuja na jinsi mama alivyowafundisha wenzake kuezeka. Mama, katika kurasa zilizopona, hakuligusa jambo hilo kabisa.

Liko jambo la folda. Kwenye orodha ile ya mafaili tuliyoiona kwa fundi, kati ya hesabu na masomo, palikuwa na folda iliyoandikwa BINAFSI. Fundi aliiona wakati nami nilipoiona. Hakuibofya. Aligeuza skrini kidogo kunielekea mimi, akasubiri, nikamwambia aiache, naye hakuuliza sababu.

Nimekutana na watu wanaoniambia marehemu hana siri, kwamba aliyekwenda hadhuriki, na kwamba humo pengine ndimo mlimo na jambo la muhimu kuliko yote. Siafikiani nao. Anayeosha maiti hafichui aliyoyaona, na mwili anaouosha husitiriwa kuanzia kitovuni mpaka magotini hata chumba kikiwa hakina mtu mwingine. Kama sitara hiyo inaendelea baada ya roho kutoka, sioni ni kitu gani kiikomeshe kwenye maandishi ya mtu aliyeyapa jina hilo kwa mkono wake. Neno lile lilikuwa ombi, na aliyeliandika hawezi kulirudia. Nawatakia mafundi wote wa Kariakoo, na wa Luthuli Avenue kule Nairobi, na wa kila mji ambako watu huacha mashine zao juu ya meza za wageni, adabu ya yule fundi.

Mashine mpya zinaifanya adabu hiyo isihitajike, kwa sababu zinamfungia nje kila mtu. Laptopu ya mama ilikuwa ya zamani. Diski yake ilichomoka na haikuwa na kufuli. Kompyuta nyingi za Windows zinazouzwa leo hufunga diski kwa BitLocker, na diski ikihamishiwa mashine nyingine, anayetaka kuisoma anahitaji ufunguo wa tarakimu 48. Mashine za Apple zenye chipu ya T2, na zile za M1 zilizofuata mwaka 2020, hufungia data kwa funguo zilizomo ndani ya chipu yenyewe, na hifadhi za laptopu zao nyingi zimechomelewa kwenye mazabodi. Mazabodi ikifa kabisa, hakuna kikasha cha kuhamishia. Siupingi ulinzi huo. Laptopu zinaibwa kila siku, na mwizi hana haki ya kusoma barua za mtu. Lakini ufunguo huo huo unamfungia nje mtoto aliyefiwa, hata kama mwenye mashine angependa aingie. Google walileta mwaka 2013 njia ya mtu kuchagua nani apewe data za akaunti yake iliyolala muda mrefu, na Apple wakaweka mrithi wa akaunti Desemba 2021. Katika ukoo wetu hakuna mzee hata mmoja aliyekuwa amesikia habari hizo. Tunajua kuusia kuhusu shamba, kuhusu sanda, kuhusu nani asimamie ndoa ya binti. Nimeanza kuwauliza wazee wangu, mmoja mmoja, kwa upole, wanataka nini kifanyike na simu zao. Wengine wamekasirika, na wana haki. Baba mdogo alikaa kimya muda, akasema zifutwe zote isipokuwa nyimbo za taarabu.

Sasa kuna suala la masomo ya kusoma. Mdogo wangu amepata maabara nje ya nchi yenye chumba kisicho na vumbi, ambamo wanafungua diski, wanaondoa vichwa vilivyochoka na kuweka vya diski nyingine ya modeli ile ile. Kazi hiyo inawezekana. Februari 1, 2003, chombo cha anga cha Columbia cha Marekani kilivunjika juu ya Texas kikirejea duniani, na watu wote 7 waliokuwamo walikufa. Miezi kadhaa baadaye ilipatikana kwenye ziwa lililokauka hadidiski ya jaribio moja la fizikia kuhusu gesi ya zenoni, imeungua na kupasuka nje. Wahandisi wa Kroll Ontrack huko Minnesota waliisafisha na kusoma karibu asilimia 99 ya data zilizokuwamo. Bamba lenyewe lilikuwa limenusurika, na data zilikuwa zimekaa pamoja, mbali na mahali palipoharibika zaidi. Mwaka 2008 matokeo ya jaribio hilo yalichapishwa. Namba za zenoni zilirudi kutoka mbinguni. Watu saba hawakurudi, na nina hakika wapo ndugu zao ambao wangetoa diski zote za dunia kwa dakika moja ya sauti.

Dada hataki. Anasema gharama ya maabara ingechimba kisima kwa jina la mama, na kisima kingemfaa mama kuliko rekodi. Anasema pia, na hili ndilo linalomuuma, kwamba mdogo wetu anataka sauti ili asikubali. Nimemsikiliza, kwa kuwa yeye ndiye aliyemuosha. Aligusa, akaona, akajua. Mimi nilishuka kaburini. Mdogo wetu alipewa udongo uliokwisha kukauka, na hakuna hata mmoja wetu anayeweza kumpimia kiasi cha kusikia kinachomtosha. Nimesema nitachangia, na kisima tutakichimba taratibu, kwa kadiri tutakavyojaliwa.

Maabara ilituma fomu. Wanauliza modeli ya diski, ilivyoanza kuharibika, nani ameigusa, na mafaili yapi yatangulizwe. Mdogo wangu amejaza masomo ya kusoma, yote, kuanzia la kwanza. Katika nafasi ya maelekezo ya ziada dada aliomba aandike yeye mwenyewe, ingawa hakuafiki safari yenyewe. Ameandika kwamba folda inayoitwa BINAFSI isifunguliwe wala isinakiliwe na mtu yeyote, na kwamba diski irudishwe Tanga, vipande vyote, kazi ikifaulu au isipofaulu.